Ndege za Mtaa Hukataa Kupaa, na Tatizo Si Fundi: Ni Chuma Kisicho na Jina

Kila baada ya miezi kadhaa hii stori hurudi kwa simu yako. Msee fulani ameunda ndege nyuma ya nyumba. Kuna injini ya gari, kuna propela ya mbao, mabawa yamevalishwa mabati mepesi, na kijiji kizima kimesimama kando na simu juu. Injini inanguruma, vumbi linatimka, ndege inakimbia mita kadhaa, halafu inazima hapo hapo. Nusu ya watu wanacheka. Nusu ingine wanasema "serikali imsaidie huyu". Kesho yake kila mtu ameshasonga.

Leo tusisonge haraka hivyo. Ukiangalia hizi ndege vizuri utapata zinafeli kwa njia mbili tu. Ama zinakataa kupaa kabisa, ama kuna kitu kinavunjika. Na sababu ya zote mbili ni ile ile, hata kama hakuna mtu huiongelea: mwenye ndege hajui chuma alichotumia kinaitwaje.

Utaniambia chuma ni chuma. Twende Mwihoko kwanza, halafu utaniambia tena.

Mikono tuko nayo

Kama umewahi kushuka Githurai 45 ukaingia ndani kuelekea Mwihoko, unajua sauti ya hiyo barabara. Ni grinda. Kila hatua chache kuna kibanda cha fundi: mageti yameegemezwa ukutani, grili za madirisha, ngazi za mzunguko, fremu za viti, masufuria makubwa ya hoteli, na mwenye aluminiamu na vioo akikata fremu za sliding. Mwihoko ni wodi ya Ruiru, Kaunti ya Kiambu, na inajengwa mchana na usiku. Mjengo ukiongezeka, kazi ya chuma inaongezeka.

Sasa angalia kazi yenyewe. Fundi anapewa picha kwa simu ya geti kutoka Dubai. Hakuna mchoro, hakuna vipimo. Anapima na macho, anachora na chaki chini, anakata, anapinda, anachomelea, anasugua, anapiga rangi. Geti inafunguka bila kukwaruza. Hiyo si bahati. Hiyo ni mikono inayojua chuma.

Kwa hivyo mtu akikuambia Mkenya hawezi kuunda sehemu za ndege juu hana mashine kubwa, mwambie apunguze. Hata ndege ya kwanza duniani ilitoka kwa workshop ya mtaa.

Fundi ambaye jina lake hukuambiwa shule

Shule ulifundishwa ndugu wawili wa Wright, Orville na Wilbur. Tarehe 17 Desemba 1903, Kitty Hawk, Marekani, ndege yao ilipaa kwa sekunde 12 na kwenda kama mita 36. Kile hukuambiwa ni kwamba hao ndugu walikuwa wanauza na kurepea baiskeli, na injini ya hiyo ndege haikutoka kiwandani. Watengenezaji wa injini hawangeweza kuwapa kitu chepesi vile walitaka. Kazi ikapewa fundi wao wa duka, Charlie Taylor.

Taylor aliunda injini yote kwa karibu wiki 6. Ile shafti kuu inayozungusha kila kitu, krenkshafti, aliitoa kwa kipande kimoja cha chuma kizito. Alichora umbo juu yake, akatoboa mashimo mengi kufuata mstari, akagongagonga na patasi mpaka vipande vya ziada vikatoka, kisha akaimaliza kwa leithi. Yaani hiyo ni jua kali kabisa. Mtu wa Kamukunji akiona hiyo njia hawezi shangaa.

Lakini cheki kitu kimoja. Taylor alijua hicho chuma ni aina gani. Kilikuwa chuma kigumu cha kutengenezea vifaa. Na ile nyumba ya injini ilitengenezwa kwa aluminiamu iliyochanganywa na shaba, ndio iwe nyepesi na bado iwe na nguvu. Vifaa vyake vilikuwa vya duka la baiskeli, sawa, lakini metali hakuiokota tu.

Hapo ndio sisi tunaachwa.

Aluminiamu tatu, sura moja

Chukua vipande vitatu vya aluminiamu uviweke mezani. Kimoja kimetoka kwa sufuria. Cha pili kimetoka kwa fremu ya dirisha. Cha tatu ni cha ndege. Vyote ni vyeupe, vyote ni vyepesi, vyote vinang'aa ukivisugua. Kwa macho, hakuna mtu atakuambia kipi ni kipi.

Sasa tufanye hesabu ya mtaa. Kata kila kimoja kiwe kamba nyembamba ya upana wa milimita 10 na unene wa milimita 1. Ifunge juu, halafu uanze kuning'iniza mifuko ya simiti ya kilo 50 chini yake mpaka ikatike.

Ya sufuria, ambayo ni aluminiamu karibu tupu, itakatika karibu na kilo 100. Mifuko miwili.

Ya dirisha, ambayo wenye biashara huita 6063, itafika kama kilo 190. Karibu mifuko minne.

Kuna ndugu yake inaitwa 6061-T6, inayotumika kwa ndege nyingi ndogo. Hiyo inafika kama kilo 315. Mifuko sita.

Halafu kuna 2024-T3, ile ngozi ya ndege yenyewe, iliyochanganywa na shaba kama asilimia 4 na kupikwa kwa moto kwa njia maalum. Hiyo inaelekea kilo 490. Mifuko tisa na bado inakuangalia.

Umeona hiyo tofauti? Kutoka mifuko miwili hadi tisa, na sura ni ile ile. Hata chuma cha kawaida kina hiyo siri. Bomba la chuma la kutengeneza geti na bomba la chuma linaloitwa 4130 vinafanana kama mapacha. La geti linaanza kupinda na kukataa kurudi kwa mzigo ambao ni kama asilimia 60 tu ya ule unaopinda lile lingine.

Hizo namba si madoido. Ndilo jina la metali. Kwa dunia ya ndege, bamba au bomba linatoka kiwandani likiwa limepigwa chapa ya jina lake, na linakuja na karatasi inayosema limetoka wapi, limechanganywa na nini na limepikwa vipi. Ukinunua kwa mtu wa skrapu, unanunua kwa kilo. Kilo haina jina.

Kwa nini ndege inakataa kupaa

Sasa jiweke kwa viatu vya fundi. Uko na bomba na hujui nguvu yake. Unataka mabawa yasivunjike na wewe ndani. Utafanya nini?

Utaweka nzito zaidi. Kila fundi mwenye akili angefanya hivyo. Kwa geti hiyo ni busara, juu geti nzito ni geti nzuri na hata mteja anajivunia. Ukiwa na wasiwasi na kona, unaongeza kipande. Ukiwa na wasiwasi na kile kipande, unaongeza kingine.

Kwa ndege, hicho kipande ndicho kinakumaliza. Chuma ni kizito karibu mara 3 ya aluminiamu. Kila kilo unayoongeza inataka bawa kubwa zaidi ama spidi kubwa zaidi, spidi inataka injini kubwa zaidi, injini kubwa inaongeza kilo, na mduara unaanza tena. Ukifika mwisho uko na kitu kinachonguruma vizuri sana na hakitoki chini. Si ati jamaa hakusoma. Wasiwasi wake umekuwa kilo.

Gabriel Nderitu ni mfano ambao Wakenya wengi wanaujua. Ni mtu wa kompyuta, na karibu mwaka 2010 alianza kuunda ndege kwa boma lake, akijisomea mambo ya anga kwa intaneti na kutumia injini ya gari. Majaribio ya kwanza hayakupaa. Watu walicheka, yeye akaendelea kujaribu. Hapo Uganda, wakati huo huo, Chris Nsamba na vijana wenzake walikuwa wanaunda yao nyuma ya nyumba Ntinda, Kampala, wakaiita African Skyhawk. Mtu hawezi kusema hawa walikosa bidii. Ile walikosa ni ile kitu kijana wa Marekani huagiza kwa simu na kuletewa kwa boksi: metali iliyo na jina.

Ukitaka ushahidi, angalia Afrika Kusini. Mwaka 2019 vijana 20 walichukua vipande vya ndege aina ya Sling 4, vilivyokatwa na kutobolewa kiwandani hapo hapo Afrika Kusini, wakaviunganisha kwa karibu wiki tatu. Halafu ndege ikapaa kutoka Cape Town hadi Cairo, ikapita mpaka Zanzibar. Mmoja wa marubani, Megan Werner, alikuwa na miaka 17. Hao si mafundi wa miaka 20 kazini. Weka fundi yeyote wa Mwihoko kando yao na riveti mkononi, atawaonyesha vumbi. Lakini wao kila bamba lilikuja na jina, kila shimo lilikuwa mahali pake, na kulikuwa na watu wa kukagua.

Na kwa nini zingine zinavunjika

Hii ndiyo sehemu ya kuogopa, juu ndege inayokataa kupaa haijaua mtu. Inayopaa nusu ndiyo noma.

Bawa halibebi uzito wa ndege tu. Ukikata kona ukiwa umelaza ndege digrii 60 bila kushuka, mabawa yanabeba mara 2 ya uzito wote. Ndege ndogo za kawaida huundwa zihimili mara 3.8, halafu inawekwa akiba ya nusu juu ya hapo. Chukua ndege ya kilo 600: hiyo ni kilo 2,280, na ukiongeza akiba ni kilo 3,420. Hiyo yote inapita kwa bolti chache pale bawa linaposhikana na mwili. Ukiweka huko bolti ya mtungi wa maji, hesabu imeisha.

Halafu kuna kuchomelea. Welda wa mtaa anaamini moto, na kwa chuma cha geti yuko sawa. Lakini 2024 ukiichomelea inapasuka na kupoteza ile nguvu uliyoilipia. 6061 inakubali moto, ila pale karibu na mshono inapoteza zaidi ya thuluthi moja ya nguvu yake mpaka ipikwe upya. Mshono unaweza kuwa mzuri kama wa picha na bado uwe mahali dhaifu kuliko kote. Ndio maana ngozi ya ndege hushikanishwa na riveti. Maelfu yake.

Na riveti ina adabu zake. Shimo lisikaribie ukingo wa bamba: kutoka katikati ya shimo hadi ukingo, acha angalau mara 2 ya unene wa riveti. Ukishatoboa, safisha mdomo wa shimo usibaki na miba, juu kila mwiba ni mwanzo wa ufa. Mmoja anagonga mbele, mwingine anashikilia kipande kizito cha chuma nyuma, na kichwa kinachojitengeneza nyuma kinapimwa: upana mara 1.5 ya riveti, kimo nusu yake. Kikikataa, unaitoboa uitoe uanze upya. Hata penseli hairuhusiwi kuchora juu ya aluminiamu ya ndege, juu ile kaboni inayobaki huanza kuila polepole. Unatumia kalamu ya wino.

Unadhani ni maringo? Sikiza hii. Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa safari ya kawaida ilitoka London kwenda Johannesburg. Iliitwa Comet, ya kampuni ya de Havilland, na njiani ilitua hapa kwetu, Entebbe. Wakati huo hakukuwa na kitu kikali kama hicho duniani. Miaka miwili baadaye, Januari na Aprili 1954, Comet mbili zilipasuka zikiwa angani juu ya bahari upande wa Italia. Kila aliyekuwa ndani alikufa.

Waingereza walichukua Comet nyingine wakaizamisha kwa tanki kubwa la maji, wakaijaza na kuipunguza presha tena na tena kama vile inapaa na kutua. Ikapasuka. Nyufa zilianzia kwa mashimo madogo ya riveti na bolti karibu na kona za madirisha. Mainjinia wakubwa, kampuni kubwa, kiwanda kizima, na kilichowashinda ni shimo. Metali ilikuwa imechoka. Ndiyo, metali huchoka: ukiikunja kidogo mara elfu inaweza kukatika, hata kama mara moja haikushtuka.

Sasa kama shimo moja lilifanya hivyo kwa Comet, ile ndege ya skrapu ambayo metali yake ilishatumika miaka 15 kwa kitu kingine, ikachoka huko, ikauzwa kwa kilo, iko hali gani? Hakuna anayejua, na mwenye kupanda ndiye ataambiwa kwanza.

Sheria inakuja mwisho, na inakuja na pingu

Kenya iko na Sheria ya Usafiri wa Anga ya 2013, na mamlaka yenyewe ni KCAA. Kupaa bila cheti kwamba ndege inafaa kuruka ni kosa, na hiyo ni haki kabisa. Hakuna mtu anataka kitu kianguke juu ya ploti za Mwihoko, nyumba zimebanana vile ziko.

Shida ni lini mkaguzi na fundi wanakutana. Kwetu, mara nyingi wanakutana kitu kikishakamilika, kikishapakwa rangi ya bendera na kusambaa kwa simu za watu. Wakati huo mkaguzi hana kitu cha kukagua. Bawa limefungwa. Hawezi kuona riveti za ndani, hawezi kujua bomba ni gani. Jibu lake la pekee la uaminifu ni "hapana". Na fundi anaenda nyumbani akisema serikali inaua talanta.

Kwa nchi ambazo hii kitu imekuwa kawaida, mambo yanaenda kinyume. Marekani mtu akitaka kujiundia ndege, sheria inamtaka kazi kubwa aifanye mwenyewe, zaidi ya nusu, kwa ajili ya kujifunza ama kujifurahisha. Anaweka daftari na picha za kila hatua. Anaita watu wenye ujuzi waangalie bawa kabla halijafungwa. Ikikamilika, anapewa kibali cha majaribio tu: masaa 25 ama 40, mahali pasipo na watu wengi, bila abiria. Wana chama chao, EAA, tangu 1953. Uingereza nao wana chama chenye wakaguzi wanaokutembelea ukiwa bado unaunda.

Hapo hakuna uchawi, wala hakuna ufadhili wa mabilioni. Ni mtu wa kuja mapema.

Vitu viko, ila haviongei

Hii ndiyo inauma zaidi. Ukisimama Mwihoko, vitu vyote vinavyohitajika viko karibu kuliko unavyodhani.

Kenyatta University iko hapo tu kando ya Thika Road, na inafundisha uhandisi wa anga. Mwanafunzi huko anajua kupiga hesabu ya bawa kwa karatasi, na pengine hajawahi kupinda bamba hata moja kwa mkono. Fundi wa Mwihoko anapinda mabamba siku nzima, na hajawahi kuonyeshwa hesabu. Kati yao ni nauli ya mathree moja.

East African School of Aviation, iliyoanzishwa 1954, iko Embakasi. Aero Club of East Africa, iliyoanzishwa 1927, iko Wilson. Kajiado kuna Orly Airpark, uwanja wa watu wenye ndege ndogo. Yaani ujuzi wa ndege ndogo umeishi Kenya karibu miaka 100. Umeishi nyuma ya ukuta tu, na mtoto wa mtaa huuona ukipita juu ya paa.

Halafu kuna hii ya serikali kutambua ujuzi wa fundi bila kumrudisha darasani, sera ya RPL iliyozinduliwa 2024 chini ya KNQA. Welda wa miaka 15 anaweza kupimwa kwa kazi yake na kupata karatasi. Sisi wengine tulitoka colle katikati karo ilipokataa, so usidhani nakuuzia digrii hapa. Hiyo sera ni poa. Lakini hebu tuseme ukweli: karatasi ya fundi bila karatasi ya metali haitoshi. Unaweza kunipa welda bora kabisa Kiambu, na kama nimempa bomba lisilo na jina, nimempa mtihani usio na jibu.

Kwa hivyo badala ya lile la kila siku la "serikali imsaidie huyu msee", wacha tuitishe vitu vitatu ambavyo vinaeleweka.

Kwanza, dawati moja KCAA la wanaojiundia ndege, ambalo unaweza kuandikisha mradi ukiwa bado ni mchoro, na mtu aje kabla bawa halijafungwa. Mtu akiambiwa "hapana" mapema, amepoteza wikendi. Akiambiwa mwisho, amepoteza miaka na doo ya shamba.

Pili, maabara za vyuo zifunguliwe kwa mafundi kupimiwa metali. Mashine ya kuvuta kipande mpaka kikatike ni kifaa cha kawaida kwa idara ya uhandisi. Jumamosi moja kwa mwezi ingetosha. Fundi analeta kipande, anaondoka na namba. Na hiyo si ya ndege tu. Tenki la maji, ngazi ya ghorofa, kiunzi cha trela, kuta za mabasi tunayopanda kila siku, vyote vinataka hiyo namba.

Tatu, njia ya kazi. Hapo Wilson, ngozi za ndege zinarepewa kwa mikono, riveti kwa riveti, chini ya injinia mwenye leseni. Kijana wa jua kali aliyepimwa na NITA anafaa kuona mlango wa kuingia huko kama msaidizi, si kuota ndege peke yake usiku nyuma ya keja.

Kama wewe ndiye uko na ndege nyuma ya nyumba

Pengine unasoma hii na mkono wako uko na mafuta ya grinda. Sikukatazi. Lakini nisikize.

Anza na sehemu, usianze na ndege. Unda ubavu mmoja wa bawa kufuata mchoro uliothibitishwa na watu walioupandisha hewani. Upime. Uvunje makusudi uone umevunjikia wapi. Geuza bawa juu chini, liweke kwa stendi, lipakie mifuko ya mchanga kidogo kidogo mpaka uzito wa hesabu, na usisimame chini yake. Hivyo ndivyo hata wakubwa hufanya, na mchanga unao. Ujue tu kwamba mchanga unakuonyesha nguvu ya leo. Haukuonyeshi uchovu wa kesho.

Usinunue kwa skrapu kitu chochote kitakachobeba bawa, mkia ama usukani. Ikiwa doo ni ya bolti chache tu za ukweli, nunua hizo kwanza zikae kwa droo zikikungoja. Andika kila kitu kwa daftari, na picha.

Na usiipandishe Mwihoko. Si kwa barabara ya lami mpya, si kwa uwanja wa shule. Ukiwa na injini mkononi na umati umekuzunguka, mtu yeyote anaweza kushawishika kujaribu "kidogo tu". Hao mashabiki hawatakuwa na wewe juu.

Wewe msomaji mwingine, ambaye huundi chochote ila unashea, pia uko na kazi. Hiyo klipu itarudi, ni lazima. Ikirudi, usiulize kama itapaa. Muulize mwenyewe kwa heshima: mzee, hiyo bomba inaitwaje, na ni nani amekuja kuiangalia? Akikosa jibu, usicheke. Mtag mtu wa chuo aliye karibu naye.